MABAKI YA VITA VYA ANGANI NI AMANA, SI CHUMA CHAKAVU

Iko kazi moja ambayo wengi wetu tumeidhania kuwa ni mchezo wa watu wenye nafasi na fedha. Nayo ni kazi ya kukusanya masalio ya askari wa anga wa vita vilivyopita. Mmoja hukusanya nishani na beji, mwingine miwani na kofia za ngozi, mwingine kipande cha bawa kilichofukuliwa shambani. Lakini mkusanyaji aliye hodari haishii kwenye kitu alichokishika mkononi. Huuliza ni nani aliyekivaa, aliruka kutoka wapi, alianguka wapi, na alimwacha nani nyumbani. Hapo ukusanyaji hugeuka kuwa utafiti, na utafiti huo hugeuka kuwa historia.

Tunaandika haya kutoka Gare, juu ya milima ya Usambara, na tunawaelekezea hasa ndugu zetu wa Mafia, Unguja na Pemba, pamoja na maofisa wa Serikali waliokabidhiwa dhamana ya utamaduni na mambo ya kale. Msomaji ataweza kuuliza: watu wa milimani wana lipi la kuwaambia watu wa baharini juu ya ndege? Jibu ni kwamba vita ile ilikuwa moja. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilipoangamia katika delta ya Rufiji, mizinga yake iliopolewa ikasambazwa nchini, na mmoja wao ulifyatuliwa Kahe mwezi Machi 1916, kwenye reli ile ile ipitayo chini ya milima yetu. Miezi mitatu baadaye jeshi la Smuts lilifika Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, likiwa na ndege za Kikosi cha 26 cha Waafrika Kusini za kulipelelezea njia. Kwa hiyo masalio ya vita hivyo yamelala pwani, bondeni na mlimani, na hatari inayoyakabili ni moja kila mahali.

Tuanze na visiwa, maana huko ndiko ndege za vita zilikoanzia kazi katika sehemu hii ya Afrika. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji, upande wa Salale. Waingereza hawakuweza kuiona kutoka baharini. Walimkodi rubani wa kiraia, H. D. Cutler, pamoja na ndege yake ya majini aina ya Curtiss, wakamweka katika kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia. Joto na chumvi viliitesa ndege ile hata ikabidi itafutwe rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa ili injini ipate kupozwa. Mwezi Novemba Cutler aliiona manowari mafichoni. Mwezi Desemba ndege yake ilishuka mtoni kwa hitilafu, naye akakamatwa mateka.

Januari 1915 Waingereza waliiteka Mafia, wakaigeuza kuwa kituo chao cha ndege. Ndege za kwanza zilizoletwa zilishindwa na hali ya hewa. Baadaye zilikuja nyingine za kurukia nchi kavu, na uwanja ukasafishwa kisiwani. Tarehe 6 na tarehe 11 Julai 1915 ndege hizo ziliruka juu ya delta zikiziongoza kwa simu ya upepo merikebu mbili za mizinga, Severn na Mersey, zilizokuwa zikipiga bila kumwona adui. Siku ya pili ndege ya rubani J. T. Cull na msaidizi wake H. J. Arnold ilipigwa risasi. Injini ilikufa, ndege ikawa inashuka, na Arnold akaendelea kutuma ishara za kusahihisha shabaha mpaka walipoanguka majini. Wote wawili waliokolewa, na wote wawili walitunukiwa nishani. Königsberg iliharibiwa na mabaharia wake wenyewe siku ile ile.

Mambo haya tunayajua kwa nini? Tunayajua kwa sababu wako watu waliojipa taabu ya kuyatafuta. Mtafiti Kevin Patience aliandika vitabu juu ya Königsberg na juu ya Pegasus. Kumbukumbu za marubani zimetunzwa katika nchi zao, na nishani zao zina namba na majina. Tunamjua hata Edwin Rowland Moon, mzaliwa wa Southampton, aliyejitengenezea ndege yake mwenyewe kabla ya vita akaiita Moonbeam. Mwezi Januari 1917 alishuka kwa dharura katika delta ya Rufiji akiwa na Kamanda Bridgeman. Walihangaika siku kadhaa katika vijito na tope. Bridgeman alifariki; Moon alitekwa, akaokoka, na mwaka 1920 akafa katika ajali ya ndege huko Uingereza.

Sasa tugeuze upande wa pili wa sarafu. Uwanja wa Mafia haukujisafisha wenyewe. Ni nani waliokata minazi na kung'oa visiki? Ni nani waliobeba mapipa ya petroli kutoka ufukoni? Ndege zilipopita juu ya Salale na mizinga ikafuata, wanavijiji walikimbilia wapi, na nani hakurudi? Katika vitabu vilivyoandikwa kutokana na kumbukumbu za marubani, watu hawa ni kivuli tu. Hii si lawama kwa waandishi wale. Walifuata karatasi, na karatasi ziliandikwa na maofisa. Tume iliyoundwa na Kamisheni ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri Aprili 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa kwa ajili ya Dola ya Kiingereza katika vita ya kwanza, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika wa sehemu hizi zetu na watu wa Misri, na miongoni mwao wapagazi ni wengi. Wahenga walisema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo ni nyasi. Tembo wameandikwa, nyasi hazikuandikwa.

Wako watakaosema kwamba vita ile ilikuwa ya mabeberu wawili wakigombea nchi isiyo yao, na kwamba hatuna sababu ya kuwatunzia marubani wao kumbukumbu. Hoja hiyo ina nusu ya haki. Vita haikuwa yetu, lakini ardhi ilikuwa yetu, na jasho lililomwagika juu yake lilikuwa letu. Anayetupa kipande cha ndege kwa kuwa ni cha mkoloni hutupa pia ushahidi wa mzee wake aliyeamriwa kukibeba. Kuhifadhi si kutukuza. Ni kuweka ushahidi mahali ambapo mjukuu ataweza kuuhoji.

Mfano wa hasara tunao, na ni mchungu. Mwaka 1924 John Ingle, yule yule aliyekuwa nahodha wa Pegasus, alinunua kwa paundi 200 haki ya kuvunja mabaki ya Königsberg, akapeleka wapiga mbizi wakachukua metali zenye bei, kisha akaiuza haki hiyo kwa wengine. Uvunjaji uliendelea kwa miaka mingi, na kufikia miaka ya 1960 kilichobaki kilididimia mtoni. Leo anayetaka kuona mzinga wa manowari ile aende Ngome ya Yesu, Mombasa, au Pretoria. Kama meli nzima ya chuma yenye urefu wa zaidi ya mita 100 iliweza kutoweka hivi, itakuwaje kwa kofia ya rubani, au kwa rafadha ya mti iliyowekwa darini na familia moja ya Mafia?

Biashara ya vyuma chakavu imefika kila kijiji. Mnunuzi huja na mizani yake, hupima kwa kilo, hulipa na kuondoka. Hatumlaumu mwananchi anayeuza. Mwenye njaa haambiwi atunze historia ilhali hakuna aliyewahi kumweleza thamani yake, wala kumpa hata stakabadhi. Lakini tanuri halina kumbukumbu. Na mkusanyaji wa nje anayenunua kipande hicho hicho kwa bei nzuri zaidi, akakifuta vumbi na kukiweka kabatini ng'ambo, ametunza chuma lakini amekitenga na mahali pake. Jina la kijiji, la aliyekiokota, na habari aliyosimuliwa na babu yake, hubaki nyuma na kufa. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Serikali nayo inayo sehemu yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na inayotumika Tanzania Bara pamoja na Mafia, inahesabu kuwa masalio ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863. Milango ya mbao iliyochongwa imewekewa mpaka wa mwaka 1940, na hilo ni jema. Lakini ndege ya mwaka 1915 haikingwi na mpaka ule wa 1863. Isipotolewa tamko maalumu la kuilinda, kipande chake ni chuma tu mbele ya sheria. Mpaka huo ulifaa ulipowekwa, leo umezeeka. Zanzibar ina sheria yake na idara yake, na ina Beit el Amani, jumba lililofunguliwa mwaka 1925 kuwa ukumbusho wa amani baada ya vita ile ile. Hakuna mahali pafaapo zaidi pa kuwaonyesha vijana wa visiwani jinsi vita ya angani ilivyopita juu ya vichwa vya wazee wao.

Tena jambo hili si la mwaka 1915 pekee. Sisi wenyewe tumepigana vita yenye ndege. Mwezi Oktoba 1978 ndege za Idi Amin zilishambulia ardhi yetu ya Kagera. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya aina ya Tupolev 22 ilitumwa kuipiga Mwanza ikakosa shabaha. Makombora yake yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama na kumjeruhi mfanyakazi mmoja. Kisiwa hicho leo ni Hifadhi ya Taifa, na watalii hupita wakitazama mawe na pimbi. Katika vita hiyo askari wa anga na wa ulinzi wa anga walikuwa vijana wetu, na mafundi waliotengeneza ndege usiku walikuwa ndugu zetu. Kijana aliyekuwa na miaka 22 wakati ule alizaliwa mwaka 1957. Leo ni mzee, na vitabu vyake vya safari za ndege, sare yake na picha zake vimo sandukuni. Akifariki, warithi watagawana shamba. Sanduku litachomwa pamoja na takataka. Tukiwaachia wageni waandike historia ya mwaka 1915, tutasema tulikuwa chini ya utawala wao. Tukiwaachia waandike na ya mwaka 1979, tutasema nini?

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na yote yamo katika uwezo wetu.

Kwanza, kila ofisi ya utamaduni ya wilaya, kuanzia Mafia, Rufiji na Kibiti hadi Lushoto na Korogwe, ifungue daftari la masalio ya vita. Kitu kisinyang'anywe mikononi mwa mwenye nacho. Kiandikwe, kipigwe picha, na habari zake zichukuliwe kwa kinywa cha mwenyewe: kilipatikana wapi, na nani, na wazee walisema nini. Atakayekitoa kwa Makumbusho ya Taifa apewe stakabadhi, kifuta jasho, na jina lake liandikwe chini ya kitu hicho.

Pili, mpaka wa mwaka 1863 utazamwe upya na wenye mamlaka, na wakati hilo likisubiriwa, maeneo yajulikanayo kama Salale na kituo cha ndege cha Mafia yatolewe tamko la ulinzi.

Tatu, walimu wa historia wawatume wanafunzi kwa askari wastaafu wa vita ya Kagera, wakiwa na kalamu na kinasa sauti, kwa ridhaa ya wazee hao na kwa heshima yao.

Nne, na hili tunalisisitiza, asiwepo mtu wa kugusa kitu kinachofanana na bomu au risasi kubwa kwa kisingizio cha kukusanya. Apaweke alama mahali hapo, awazuie watoto, na awaite polisi au jeshi. Baruti ya zamani haijui kwamba vita imekwisha.

Marubani wale waliojaribu kuvuka delta kwa mbao na turubai walikuwa watu wenye ushujaa wao, na kuwatafuta si kosa. Kosa ni kuwatafuta wao peke yao. Kipande cha bawa kikiwa na jina la aliyekirusha ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ni jina la aliyesafisha uwanja na la aliyekiokota. Nusu hiyo haipo London wala Berlin. Imo vinywani mwa watu wa Mafia, wa Salale na wa milima hii, na kila mwaka unaopita inapungua. Daftari na lifunguliwe sasa, wakati wasimuliaji wangali hai.