Jicho la sonda na pesa za kasha

Tangu mkutano wa mwezi uliopita swali linalorudi ni moja: kwa nini kasha la chama litoe pesa kununua kidude kidogo kama kikombe cha chai, kinachokaa chini ya mashua mahali ambapo hakuna anayekiona? Wengine wameuliza kwa upole, wengine wamesema wazi kwamba tunatupa pesa ziwani. Swali ni la haki. Mashua ni yetu sote, basi tunajibu hapa.

Mashua yetu ni ya matanga na ni ya zamani, mwili wake ni nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa resini. Chini yake kuna mkuku mzito unaoizuia isipinduke upepo ukisukuma tanga, na ncha ya mkuku huo inashuka mita 1,50 ndani ya maji. Mtumbwi unapita penye maji ya magoti, yetu inakwama. Ndiyo sababu ina sonda, ile saa ndogo karibu na usukani inayoonyesha kina cha maji. Saa peke yake haioni kitu. Kinachoona ni jicho lililotiwa chini ya mashua, na hilo jicho ndilo limekufa.

Tunasema jicho, lakini kazi yake ni ya mdomo na sikio. Ndani mna kipande kigumu kinachotetemeka kikipata umeme. Kinatoa mlio ambao sikio la mtu halisikii, mlio unashuka, unagonga mchanga, unarudi kama mwangwi. Ndani ya maji sauti inakwenda karibu mita 1500 kwa sekunde moja. Mwangwi ukirudi baada ya sehemu 4 za elfu za sekunde, umetembea mita 6, kushuka na kupanda. Gawa kwa mbili: kina ni mita 3. Watoto wetu wa darasa la sita wanaiweza hesabu hiyo, jaribuni nao nyumbani.

Sasa kuna jambo linalowachanganya wasafiri. Katikati ya Tanganyika, mashua ikielekea Ubwari, saa inaonyesha vistari tu. Huo si ugonjwa. Ziwa hili linafika karibu mita 1470 pahali penye kina kikubwa zaidi, na ulimwenguni ni Baikal tu ya Urusi inayolipita. Mlio wa sonda ndogo unapotelea humo. Hatari ilionekana pengine: tulipokuwa tunaingia Kalundu, maji yakiwa mita 3 kwa kamba, saa ikasema 18, kisha 0,9, kisha ikanyamaza. Mashua inayobeba wamama, mizigo ya soko na watoto haiwezi kuingia bandarini kwa saa ya namna hiyo.

Na bandari zetu siku hizi si zile za zamani. Miaka hii maji ya ziwa yalipanda sana, Uvira na Kalemie zimeona nyumba za kando zikiingia majini. Kuta na nguzo zilizofunikwa hazikuondoka, ziko pale pale chini ya maji. Upande wa mdomo wa Ruzizi mto unaleta udongo kila msimu wa mvua, na penye maji marefu mwaka jana panaweza kuwa na mchanga mwaka huu.

Fundi hakukimbilia kununua. Tunamsifu kwa hilo, maana wengi wanauza kwanza na kutazama baadaye. Alianza na betri, akafuata waya hadi nyuma ya saa, akasafisha kichwa cha waya kilichoota kutu ya kijani. Mara nyingi ugonjwa unaishia hapo bila gharama. Kwetu haukuishia. Mashua ilipopandishwa nchi kavu tuliona wenyewe ufa usoni mwa jicho, na maji yameingia ndani. Jicho likishapasuka halishoneki.

Hapo mabishano yakaanza. Fundi wa pili alitaka jicho jipya ligandishwe ndani ya mashua, bila kugusa maji, mlio upite katika mwili wenyewe. Inawezekana kweli, lakini kwa mwili wa nyuzi za kioo ulio mgumu mfululizo. Ukiwa na mbao au povu katikati, mlio unafia humo. Dawa ya kupima ni rahisi: weka jicho ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji, ulibane juu ya sakafu ya mashua kwa ndani, mashua ikiwa majini, uone kama saa inasoma. Njia hiyo ni nzuri kwa mashua isiyo na tundu. Yetu ina tundu tayari, na kuliziba vizuri ni kazi kubwa: mwili unasagwa kwa mteremko mrefu kuzunguka tundu, kisha vitambaa vya kioo vinapangwa safu juu ya safu. Kiraka kilichobandikwa tu kinaweza kubanduka siku ya mawimbi. Tuliona afadhali kununua jicho la shina lenye upana uleule, lipite katika tundu lilelile.

Jicho lazima lipatane na saa. Mlio wa saa yetu ni wa kiloheti 200, basi la kiloheti 50 halifai hata likiwa bei ya chini. Mama mweka hazina aliandika namba zilizokuwa kwenye lebo ya waya wa zamani kabla haijatupwa, na namba hizo ndizo alizokwenda nazo dukani. Waya mpya haukatwi. Unaobaki unakunjwa na kufungwa pembeni.

Kutia lenyewe kulichukua muda mfupi. Gundi ya zamani ilikwanguliwa yote, tundu likakaushwa, ikapakwa gundi ya mashua ya poliuretani. Tulikataa silikoni iliyoletwa na kijana mmoja, kwa sababu haishiki vya kutosha chini ya maji. Nati ilikazwa kwa kiasi, maana ya plastiki inavunjika kwa nguvu za kiume. Uso wa jicho haufutwi kwa asetoni. Kisha tukangoja gundi ikauke kadiri ilivyoandikwa kwenye kopo, ingawa wenye mizigo walinung'unika. Kando ya tundu sasa umefungwa mti laini uliochongwa kama kizibo: siku jicho likichomoka, mti unagongwa humo.

Sehemu inayotuhusu sote ni namba. Jicho liko sentimita 40 chini ya uso wa maji, ncha ya mkuku iko mita 1,50. Tofauti ni mita 1,10. Saa ikisoma mita 2 kutoka kwenye jicho, chini ya mkuku zimebaki sentimita 90 tu. Tumemwomba mzee kapteni aipange saa ipunguze 1,10, ionyeshe maji yaliyo chini ya mkuku. Tukibeba magunia mengi mashua inazama kidogo zaidi, lakini jicho linashuka pamoja na mkuku, kwa hiyo namba hiyo inabaki ya kweli. Alikubali, kisha akashusha bildi, kamba yake yenye risasi, mara tatu kando ya mashua ili aone kama saa inasema uongo. Zilipatana. Bildi imebaki ndani ya mashua na itabaki.

Sonda inatazama chini, haitazami mbele. Ukuta uliozama ulio mbele hauonekani mpaka uwe juu yake. Kwa hiyo kuingia Kalundu ni polepole, mchana, na mtu mwenye pondo mbele. Wala sonda haipunguzi mzigo uliopita kiasi.

Kuhusu jile za kuokolea: wamama waliosema zingetangulia wana haki, nasi tulipiga kura upande wao. Zilinunuliwa kwanza, za watu wazima na za watoto, na jicho likalipwa kwa kilichobaki. Risiti zote ziko kwa mama mweka hazina, anayetaka azione. Bado zinakosekana jile nne ndogo. Mpaka zipatikane, mzee kapteni ameambiwa ahesabu watoto kabla ya kung'oa nanga, na wanaozidi wasubiri safari ya Alhamisi.