Vitunguu vya kukaanga bila ngano, na nani hasa mzungu hapa?

Leo naweka pembeni habari za boom na UE, nataka tuongee msosi.

Hapa Mazimbu mtu akisema hali ngano anachekwa. "Anajifanya mzungu huyo!" Mwenzangu ninayekaa naye gheto anaambiwa hivyo karibu kila asubuhi, maana chapati na maandazi daktari amempiga marufuku. Ana siliaki. Akila gluteni, ile protini inayofanya donge la chapati livutike, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe. Anaharisha, anakonda, damu inapungua. Matibabu yake ni kuacha gluteni maisha yote, basi.

Mi naona utani huu umepitiliza. Kwanza, huku si kudeka. Daktari mmoja wa Uholanzi, Willem Dicke, aliona wakati wa njaa ya 1944-45, mkate ulipoadimika, watoto wenye ugonjwa huu wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakaumwa tena. Mwaka 1950 akaliandika kwenye tasnifu yake.

Pili, hivi mgeni ni nani? Milima ya Uluguru watu wamekula ndizi, magimbi, mihogo na mahindi miaka nenda rudi, na vyote hivyo havina gluteni. Ngano nyingi tunayokula Tanzania inatoka nje ya nchi kwa meli. Sasa kati ya anayekula gimbi na anayekula chapati, mzungu nani?

Tatu, vitafunio vitamu bila ngano tunavyo tayari. Nani hajui bajia? Kwa unga huohuo wa dengu, gheto letu tunakaanga vitunguu hivi:

Chukua vitunguu vikubwa viwili, kata duara nene kama nusu sentimita, zitenganishe. Loweka kwenye maji baridi dakika kumi, kausha vizuri kwa kitambaa. Changanya kikombe kimoja cha unga wa dengu, vijiko vitatu vya unga wa mchele (huu ndio unaoleta ukavu ule wa kutafunika kwa sauti), chumvi, manjano kidogo na pilipili manga. Kama una ndugu Matombo akuletee ya huko. Toa vijiko viwili vya mchanganyiko weka pembeni vikavu, uliobaki ukoroge na maji kidogo kidogo mpaka uwe rojo zito. Pitisha duara kwenye unga mkavu, kisha kwenye rojo, kisha kwenye karai. Mafuta yawe moto: tone la rojo likizama na kuibuka haraka, tayari. Kaanga chache chache mpaka ziwe rangi ya dhahabu.

Ila angalizo, na hapa ndipo utani unapoumiza. Mafuta yaliyokaangia maandazi hayafai. Unga wa dengu uliosagwa kwenye mashine ya ngano haufai, na mwingine huchanganywa ngano kabisa. Sisi tunanunua dengu zenyewe soko la Chifu Kingalu, tunachagua, tunatwanga na kuchekecha. Kwa hiyo mwenzako akiuliza "haya mafuta yamekaanga nini?" usimwone ana maringo. Mjibu ukweli.

Na wewe unayehisi ngano inakusumbua, usiiache kimya kimya. Nenda hospitali kwanza, kwani kipimo cha damu kinataka uwe bado unaila.

Wenzangu wa ualimu, sisi ndio tutakaokuwa walimu wa zamu bweni fulani. Kuna mtoto atakataa andazi la asubuhi. Tukishazoea kucheka hapa chuo, kule tutamchapa kwa ukaidi, na yeye tumbo linamuua.

Nawasilisha. Mwenye vitunguu apite gheto, dengu zipo.