Masweta kando ya bwawa

KIJIWE CHA KIRUMBA
Na Mwana Kirumba

Mtu anayekuja likizo Mwanza msimu wa kipupwe, akalipa kiingilio cha bwawa lenye mabomba ya kuteleza, halafu akawavisha watoto masweta na kuwakalisha pembeni wayatazame maji, huyo hasumbuliwi na baridi. Kuna kingine kinachomsumbua, na mimi si daktari.

Nimeyaona Jumamosi iliyopita kwa macho yangu haya mawili. Nina shemeji yangu wa Buzuruga. Safari hii kapata ugeni: mdogo wake kutoka Dar es Salaam, na mkewe, na watoto watatu waliofunga shule. Shemeji akatangaza kwamba watoto lazima wapelekwe kuogelea. Na kwa kuwa gari lake si la kutegemewa, nikapigiwa simu mimi.

Tukafika saa tatu asubuhi. Shemeji ni mtu wa kuwahi, hata msibani anawahi kabla ya marehemu. Upepo unapuliza, jua bado limejificha nyuma ya miamba, bwawani hakuna hata mbu. Mama watoto akainama, akachovya kidole kimoja, kile cha mwisho, akaruka kama aliyegusa waya wa umeme.

“Jamani, barafu! Hawa wataniugulia nimonia.”

Mumewe akachungulia simu, akasoma kwamba ni nyuzi 19. “Si umeona, shemeji?” akaniambia, utadhani nyuzi hizo nilizileta mimi.

Masweta yakatolewa kwenye begi. Yule mtoto wa kati ndiye aliyeniuma roho. Miwani ya kuogelea imembana mpaka macho yamemtoka, boya la bata liko kiunoni, na juu ya boya sweta la shule limefungwa vifungo vyote, kwa hiyo kifua kimebanwa na tumbo limetuna. Akanisogelea taratibu. “Anko, na tukiingiza miguu tu?” Mama yake akamjibu kabla sijafungua mdomo. Zikaagizwa chipsi mayai.

Nikamwuliza kijana wa pale kwa nini mabomba ya kuteleza ni makavu. “Pampu tunawasha watu wakifika kumi, mzee.” Tulikuwa saba, na tumelipa kiingilio cha watu saba. Hakuna aliyetupunguzia hata shilingi kwa pampu iliyozimwa.

Saa tano tukaondoka. Saa tano! Jua ndiyo kwanza linakanyaga maji, na sisi tunafunga milango ya gari.

Hebu tuambizane ukweli kuhusu hii baridi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri za Juni na Julai joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na wauza makoti wa Mlango Mmoja wanachangamka. Sawa. Lakini ikifika saa nane mchana ni nyuzi 28, na koti hilo hilo unalibeba mkononi. Mtu wa Njombe au Makete akiniambia kuna baridi nitanyamaza, maana kwao kuna asubuhi majani yanaamka na barafu. Huyu wa Dar es Salaam, anayelala na kiyoyozi cha nyuzi 16 huku amejifunika blanketi mbili na luku inalia, ananiambia nini?

Hata ziwa lenyewe halina baridi ya kutangaza. Kati ya Juni na Agosti upepo mkavu wa kusi unalipunguzia joto, maji ya juu yanashuka hadi nyuzi 24 hivi. Mabwawa ya mashindano ya dunia yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 25 na 28. Tunagombana kwa nyuzi moja. Na Wajerumani, hao hao waliotuachia jina la Bismarck Rock, waliona jumba kubwa la kuundia ndege za puto karibu na Berlin limekosa kazi, wakaligeuza ufukwe wa ndani mwaka 2004. Tropical Islands, wanapaita. Wanalipia hewa ipashwe moto hadi nyuzi 26 hivi ili wavae chupi za kuogelea wakati wa theluji. Sisi nyuzi 28 tunapewa bure, tunazivalia sweta.

Kinachomtetemesha mtoto ni upepo kumpiga akiwa ameloa. Na bwawa, kwa kuwa ni dogo na usiku wa kiangazi hauna mawingu, hupoa sana kufikia alfajiri na huanza kupata moto jua likishapanda. Basi nenda saa sita. Beba taulo la kila mtoto, siyo moja la ukoo mzima. Midomo ikianza kubadilika rangi, mtoe, mkaushe, mpe chai, mwache aote jua, atarudi mwenyewe bila kuitwa. Mtoto mchanga abaki na bibi yake. Nimonia inaletwa na vijidudu, na vijidudu havisomi nyuzi kwenye simu.

Mnadhani kisa kimeishia hapo? Kiishie wapi, na shemeji yupo?

Tukiwa njiani akasema tupite ufukweni, watoto “wachezee mchanga kidogo”. Upande wa Ilemela, mahali penye matete, kina mama wanafua, mitumbwi imepumzishwa. Saa sita na nusu. Mama watoto akavua ndala, akaingiza mguu, uso ukamng’aa. “Hapa maji yana moto, bwana! Vueni masweta.” Na watoto wale walionyimwa bwawa la klorini wakatumbukia hadi magotini kwenye matete, wakicheka.

Nikapiga kelele mpaka wafuaji wakageuka. Kichocho, ndugu zangu! Konokono wake wanapenda hapo hapo, maji ya kina kifupi yaliyotulia, yenye majani. Vimelea vinatoka kwa konokono kwa wingi jua linapokuwa kali, vinapenya ngozi, wala havisubiri mtu anywe maji. Yaani saa ile iliyo nzuri bwawani ndiyo mbaya kwenye matete. Maji yenye klorini ya kutosha yanaviua. Ziwani nani anatia klorini?

“Sisi si tumekulia humu?” shemeji akasema, kapandisha suruali, kajiunga nao.

Tumekulia humu, ndiyo. Na dawa tumemezea humu humu. Watoto wa shule kandokando ya ziwa wanasimamishwa kwenye fimbo ya kupimia urefu ili ijulikane kila mmoja anameza vidonge vingapi vya praziquantel, na mwaka mwingine wanasimamishwa tena, kwa sababu jioni ya siku hiyo hiyo wapo majini. Wao wana sababu: ndoo hazijazi zenyewe na nguo hazijifui. Mgeni aliyelipia klorini akaikimbia ana sababu gani?

Na ninyi wenye mabwawa msicheke. Mnalalamika kipupwe hakuna wateja, na mteja akija anakuta bomba kavu. Kama pampu inawashwa kwa watu kumi, andikeni getini, ili sisi saba tujue tunalipia kutazama saruji iliyopakwa rangi ya buluu. Asubuhi fungueni kwa bei pungufu, au msifungue kabisa hadi saa tano. Mkaanga mihogo wa Kirumba anajua saa ya kuwasha jiko, na hana hata meneja.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba watu hawa hawa hukusanyika Desemba, wakati wa vuli. Bwawa linajaa, foleni ya bomba inafika chooni, na bonde hili la Ziwa Viktoria lina radi kwelikweli. Ngurumo ikipiga, mtu mwenye akili anatoka majini. Hawa wanaomba waongezewe muziki. Juni anga ni kavu, bwawa ni jeupe, mtoto anateleza mara kumi bila kusukumwa na mtu, ila wazazi wamesikia upepo.

Wageni wameondoka juzi. Mama watoto ameniahidi watarudi Desemba, hali ya hewa ikishakuwa nzuri. Nimemtakia kila la heri, yeye na radi zake.