TAHARIRI: PETE YA YAKUTI HAITEREMSHI HOMA

 

Ndugu Waislamu, wilaya yetu ya Korogwe imeruzukiwa mawe ambayo watu huyafuata kutoka mbali. Kule Kalalani na bonde la mto Umba huchimbwa yakuti za rangi nyingi. Hiyo ni neema, na biashara yake ni halali, maadamu muuzaji hauzi chupa kwa jina la kito. Lililotushikisha kalamu ni pete zinazouzwa kwa wagonjwa: akiki ya kutuliza damu, feruzi ya kuzuia husda, yakuti ya kuimarisha moyo. Mgonjwa akioneshwa jiwe la kijani mchana, kisha usiku chini ya taa likawa la zambarau, huambiwa kuwa "limejibu".

Halikujibu kitu. Yakuti ni alumini, ile ile ya masufuria yetu, iliyoungana na oksijeni. Ugumu wake ni 9 katika kipimo ambacho almasi ni 10. Chembe chache za kromi huifanya nyekundu. Chuma na titani huifanya buluu. Baadhi ya yakuti za Umba hubadilika rangi kwa sababu mwanga wa balbu ya waya una wekundu mwingi kuliko mwanga wa jua. Na jiwe gumu kiasi hicho haliyeyuki kidoleni likaingia katika damu ya mtu.

Tuzingatie jambo moja. Katika Suratur-Rahmaan Allah (s.w.) ametaja yakuti na marijani kwa uzuri wake. Alipotaja ponyo katika Suratun-Nahl, alitaja kinywaji kitokacho matumboni mwa nyuki. Mtume (s.a.w.) alivaa pete ya fedha, na imepokewa kuwa kito chake kilikuwa cha Habasha, barua zake zilipigwa muhuri kwa pete, wala hatukupokea kwamba aliifanya dawa. Naye Sayyidna Umar (r.a.), mbele ya Jiwe Jeusi lenyewe, alitamka wazi kuwa ni jiwe lisilodhuru wala kunufaisha, na kwamba asingelibusu lau asingemwona Mtume akilibusu. Ikiwa hilo la Al-Kaaba ni hivyo, la Kalalani litakuwaje?

Wengine watasema pete ni sababu tu, mponyaji ni Allah. Sababu hujulikana ama kwa sharia ama kwa majaribio yaliyothibiti, na hili halina lolote kati ya hayo mawili. Kulitegemea ni mlango wa shirki, hata kama aliyekuuzia amevaa kanzu na kukusomea Faatiha.

Mtoto mwenye malaria hangoji siku saba za kuvishwa pete. Homa inaweza kupanda kichwani kabla ya hapo. Hospitali ya Magunga haiko mbali nasi. Mzazi aliyekwisha kununua pete na aivue leo, ampeleke mtoto akapimwe damu, na dua amsomee njiani.