Mawese Mekundu: Ya Bakuli la Mtoto, Si ya Kikaangio

Mchuuzi wa mawese katika magenge ya Butimba hahitaji bango. Dumu lake la lita 20, lenye mdomo uliotapakaa wekundu, linajieleza lenyewe. Wateja wake wa kudumu nao wanajulikana: familia zenye asili ya Kigoma, watu waliowahi kuishi Kongo au Burundi, na wapishi wachache waliojifunza kwa majirani kwamba kisamvu bila mawese hukosa kitu. Wengine hupita. Baadhi yao hukimbia harufu. Baadhi waliwahi kuambiwa kwamba mafuta yanayoganda huharibu moyo. Anayenunua na anayepita, kila mmoja ana sehemu ya ukweli, lakini wote wawili hulipima dumu lile kwa swali moja tu, kama mafuta yale ni mazuri au mabaya. Kwa jiko la nyumbani swali hilo halisaidii. Linalosaidia ni kujua nani ayale, kwa kiasi gani, na yaingie katika chakula wakati gani.

Wekundu wa mawese ni karotini, kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Gramu moja ya mawese yaliyokamuliwa vizuri huwa na karotini mikrogramu 500 hivi, wakati mwingine zaidi, na kwa kuwa karotini hiyo imekwisha kuyeyuka ndani ya mafuta, utumbo huipokea kwa urahisi kuliko ile iliyofungwa ndani ya majani ya mchicha au matembele. Kwa hesabu hiyo, kijiko kimoja cha chai kinaweza kukidhi mahitaji ya siku nzima ya mtoto wa chini ya miaka mitano. Hili si jambo dogo nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulikuta takribani mtoto mmoja kati ya watatu, wa umri wa miezi 6 hadi 59, akiwa na upungufu wa vitamini A. Upungufu huo huanza kimya. Mtoto hujikwaa giza linapoingia, macho hukauka, na surua au kuhara ambako mwenzake angekuvuka kwa siku chache humwangusha yeye kabisa. Ukifika kwenye kioo cha jicho na kukitoboa, uoni uliopotea haurudi.

Mama naye hufaidika. Utafiti uliofanywa miongoni mwa wajawazito wa vijijini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2001 ulilinganisha mawese mekundu na mafuta ya alizeti. Waliotumia mawese waliongezeka karotini katika damu na katika maziwa ya kunyonyesha. Burkina Faso, ambako mawese hayakuwa chakula cha kawaida katika maeneo ya mradi, yalipelekwa sokoni kwa makusudi miaka hiyohiyo, na hali ya vitamini A ya kina mama na watoto ikaimarika. Tanzania haihitaji kuyatoa mbali. Kigoma inayakamua tangu enzi za mababu.

Hapa ndipo desturi moja ya jikoni inapoharibu kila kitu. Wapishi wengi, hasa wasiokulia kwenye mawese, huyaunguza kwanza: huyaweka kwenye sufuria kavu juu ya moto mkali hadi yatoe moshi, wekundu upauke na kuwa manjano, harufu ipungue, ndipo hutia vitunguu. Huo huitwa usafi. Kwa kweli ni kuchoma dawa na kubakiza mafuta matupu. Joto linalotosha kuyafanya mawese yatoe moshi huivunja karotini kwa dakika chache, na mafuta yanayobaki chunguni yana uzito uleule na nguvu ileile, ila sababu ya kuyachagua badala ya mengine imekwisha kupaa na moshi. Aliyeunguza mawese yake angefanya vema zaidi kununua alizeti.

Na moyo? Onyo linalotolewa kliniki lina msingi, ingawa mara nyingi husemwa vibaya. Mawese hayana lehemu. Lehemu hutoka kwa wanyama. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina inayoganda, ambayo ikiliwa kwa wingi hulichochea ini na kupandisha lehemu katika damu, ilhali katika alizeti aina hiyo ni takribani sehemu moja tu ya kumi. Kwa mtu mzima mwenye shinikizo la damu, kisukari au uzito uliozidi, kukaangia sato au mihogo ndani ya mawese kila jioni ni kosa, hata yawe mekundu namna gani. Yasichanganywe pia na mafuta ya mise, yanayokamuliwa kwenye kiini cha ndani cha mbegu ya mchikichi: hayo huganda zaidi, na heshima yake kubwa iko kwenye sabuni.

Ugumu uliopo ni kwamba nyumba nyingi za Butimba hupika chungu kimoja. Bibi mwenye presha, baba anayetoka kazini na njaa, binti mjamzito na mjukuu wa miaka miwili hula mboga ileile. Ushauri wa afya unaomwambia bibi aache mawese na kumwambia binti ayatumie humwachia mpishi fumbo bila jibu. Jibu lipo, tena ni rahisi. Chungu kipikwe kwa mafuta kidogo ya alizeti au ya pamba kama kawaida; mboga ikiiva na moto ukipungua, ya mtoto na ya mjamzito ipakuliwe kando, kisha kijiko cha chai cha mawese mekundu kikorogwe humo ikiwa bado ya moto. Kwa mtoto aliyeanza chakula cha nyongeza, matone kadhaa kwenye uji, viazi vilivyopondwa au dagaa waliosagwa yanatosha kwa kuanzia. Ladha inayomkera mtu mzima haimkeri mtoto aliyezoeshwa mapema. Ngozi ya viganja ikionekana na umanjano kidogo, wakati weupe wa macho umebaki mweupe, hiyo ni karotini tu na haina madhara. Macho yakiwa ya njano, apelekwe hospitali, kwa maana huo ni ugonjwa mwingine.

Uchaguzi sokoni unastahili uangalifu kuliko unaopewa. Mawese mazuri yana harufu ya tunda, na ulimini hayakwaruzi. Yanayokwaruza koo au kunuka uchachu aghalabu yametokana na chikichi zilizorundikwa siku nyingi kabla ya kuchemshwa, au yamebaki na maji. Mnunuzi asitishwe na mgando: asubuhi za Mwanza zenye ubaridi wa ziwa, mawese hujitenga, mekundu ya majimaji juu na uji wa rangi ya chungwa chini. Ni tabia yake, wala si uchakachuaji. Kwa bakuli la mtoto, sehemu ya juu ndiyo bora, kwa kuwa karotini hupendelea majimaji na mafuta magumu huzama. Wekundu unaong'aa kupita kiasi, unaofanana baina ya dumu na dumu na kuganda vidoleni kama wino, uzue shaka. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa ya Ghana ilikuta mawese sokoni yakiwa yametiwa rangi ya viwandani isiyoruhusiwa katika chakula. Hakuna sababu ya kungoja hadi jambo kama hilo lizuke Kanda ya Ziwa. Maofisa afya wa jiji na Shirika la Viwango wanaweza kuchukua sampuli za madumu leo. Nyumbani, chupa ya mawese ifungwe vizuri na kuwekwa kabatini, kwani mwanga huila karotini. Chupa nyeupe zinazopangwa juani kwenye meza ya genge hupendeza macho na kupoteza thamani kila saa.

Kuna kichekesho ndani ya dharau dhidi ya mawese. Sehemu kubwa ya mafuta ya bei nafuu yanayokaanga chipsi mjini ni mawese pia, yaliyotoka Malaysia au Indonesia, yakachujwa kwa udongo maalumu na kupitishwa mvuke wa joto la zaidi ya nyuzi 200 hadi yakaisha rangi na harufu. Vitamini A huondolewa kiwandani, kisha, kwa utaratibu wa kurutubisha vyakula uliozinduliwa Tanzania mwaka 2013, hurudishwa kiwandani. Utaratibu huo ni mwema na uendelee. Hata hivyo nchi ambayo Serikali yake tangu 2018 imehimiza upya michikichi ya Kigoma, ikigawa miche bora ili kupunguza uagizaji wa mafuta, ingefaa ijiulize kama mawese hayo mapya yatafika Mwanza yakiwa mekundu au yatapaushwa njiani yafanane na ya nje. Wataalamu wa lishe wana neno la kusema hapo, na mpaka sasa wamewaachia wataalamu wa kilimo na biashara kulisema peke yao.

Matone ya vitamini A hutolewa kwa watoto kila miezi sita, Juni na Desemba, na mzazi asiyaache kwa sababu ana chupa ya mawese nyumbani. Lakini kati ya Juni na Desemba kuna milo mingi. Siku zilezile za matone, wakati kina mama wako kwenye foleni na watoto mgongoni, mhudumu mwenye kijiko cha chai, sahani ya matembele na chupa ndogo ya mawese angehitaji dakika tano tu kuonyesha kiasi, na kuonyesha kwamba moto umekwisha kupunguzwa kabla kijiko hakijainamishwa.