Msituambie Hatusomi, Tuulizeni Tunakaa kwa Nani

Karibu kila kongamano la vitabu nililotumwa kuripoti, lazima asimame mtu, ashike kipaza sauti na kusema: ukitaka kumficha Mswahili kitu, kiweke kwenye kitabu. Ukumbi unacheka. Mimi nimechoka kucheka.

Hoja yangu ni hii: kabla ya kumwita msomaji wa mjini mvivu, angalieni mkataba wake wa upangaji. Vitabu vinataka ukuta, na ukuta wetu una mwenyewe. Mkataba wangu wa Mirongo ulikataza hata kupigilia msumari. Basi vitabu vikaishi chini ya kitanda, ndani ya maboksi ya mafuta ya kula, vikisubiri safari kama abiria wa meli.

Safari ikaja wikiendi ya mwisho ya Juni. Mwenye nyumba alipandisha kodi, halafu akaitaka ya mwaka mzima kwa mkupuo. Dalali akanitafutia chumba na sebule Buhongwa: laki na nusu kwa mwezi, miezi sita mbele, na hela ya mwezi mmoja ya kwake yeye. Piga hesabu. Ni shilingi 1,050,000 kabla sijawasha hata taa. Riwaya nainunua kwa 15,000, kwa hiyo hapo zimeondoka riwaya 70. Halafu unaniuliza mwaka huu nimenunua vitabu vingapi?

Marafiki wanne walikuja kunihamisha. Ijumaa usiku tulifunga vyombo mpaka saa saba. Jumamosi asubuhi dada mmoja muuguzi alitoka zamu akaja moja kwa moja, na sare yake mwilini. Mchana wawili walikimbilia kikao cha harusi, jioni wakarudi na jasho lao. Jumapili, baada ya ibada, tulifunga kitanda kwa spana ya kuazima, tukala ugali na sato juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi. Ilikuwa raha, sikatai.

Lakini sikilizeni dereva wa kirikuu alivyosema alipoinua boksi la kwanza: "Bosi, umebeba mawe? Si utayakuta huko huko, Mwanza hii!" Tulicheka wote. Kisha akataja bei ya safari ya tatu, na hapo kicheko kikaisha. Godoro haliachwi. Jiko haliachwi. Maboksi saba ya vitabu yakawa manne. Moja lilikwenda kwa kijana wa jirani aliyeko kidato cha tatu, mawili akayachukua mama wa maandazi kwa ajili ya kufungia. Zimo humo tamthiliya ambazo sijui kama nitaziona tena dukani. Hiyo ni hama yangu ya nne ndani ya miaka saba, na kila hama ina boksi lake linalobaki nyuma.

Huyo mwenye boksi ndiye mnayemwambia hasomi.

Kuna watakaosema: soma kwenye simu, bana. Mimi nasoma kwenye simu, lakini nusu ya vitabu vyangu sijavikuta humo. Na simu yenyewe ndiyo kitu cha kwanza kuuzwa kodi ikikaribia. Wengine watasema maktaba ya mkoa ipo mjini. Ipo, na nikiwa Mirongo niliifikia kwa miguu. Kutoka Buhongwa ni nauli kwenda, nauli kurudi, na nikitoka kazini inakuwa imeshafungwa. Kodi inamsukuma mpangaji pembeni ya mji, na vitabu vinabaki katikati.

Wenye nyumba nao wana hoja. Wamejenga kwa mkopo, na wapo wapangaji wanaotoroka usiku na deni. Sawa. Dhamana ya mwezi mmoja inamlinda dhidi ya mtoro. Miezi kumi na miwili ni mkopo usio na riba ambao maskini anampa mwenye nyumba.

Na tusijidanganye kwamba mambo yamekuwa hivi tangu zamani. Nchi hii ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Haikuwa kamilifu, lakini mpangaji alikuwa na mahali pa kupeleka lalamiko la kodi. Ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo tumeachiwa dalali, huruma ya mwenye nyumba, na marafiki wenye mgongo imara. Tunausifu sana undugu wetu kwa kubeba makochi, wakati undugu huo unafanya kazi ambayo sheria imeacha kuifanya.

Mnaoipenda fasihi ya ziwa hili mnamjua Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Ni miaka 35. Mswada unaosubiri miaka 35 unahitaji mahali pa kusubiria. Mwandishi wa leo, kijana aliyepanga Mabatini au Igogo, anayefukuzwa kila mkataba ukiisha, auweke wapi wa kwake?

Kwa hiyo vyama vya waandishi, wachapishaji na sisi waandishi wa habari tunaoandika juu ya vitabu, tuache kudai punguzo la kodi ya karatasi peke yake. Tudai pia sheria inayoruhusu kodi ya nyumba kulipwa mwezi kwa mwezi, na ukomo wa kinachoweza kudaiwa mbele. Hilo ni suala la fasihi kama lilivyo suala la nyumba.

Na kwenye kongamano lijalo, yule jamaa wa kipaza sauti akianza tena na msemo wake, ulizeni kwanza: mzee, wewe umepanga au umejenga?