Mogadishu siyo sinema, jamani!

Juzi mhariri wangu kanipa kazi: andika makala kuhusu vita vya mijini, askari wanapiganaje nyumba kwa nyumba na wamejifunza nini. Akaongeza, "Anzia na ile sinema ya helikopta, wasomaji wanaijua." Nikasema sawa mkuu, kisha nikabaki naitazama kompyuta. Hasira zenyewe nazimwaga hapa.

Sinema hiyo, Black Hawk Down ya mwaka 2001, tulionyeshwa hata chuoni. Inahusu Oktoba 3 na 4, 1993. Wamarekani 18 walikufa katika pambano lile na dunia nzima inawajua. Waliokwenda kuwanasua kwa magari ya deraya ni Wamalaysia na Wapakistani, na Mmalaysia mmoja akauawa. Kwenye sinema wanapita kama madereva wa teksi! (Wamalaysia wametengeneza ya kwao mwaka 2023, miaka 30 baadaye.)

Hilo lilikuwa pambano la usiku mmoja. Sasa ndugu msomaji, hivi unajua ni nani walipigana katika jiji hilohilo kwa miaka minne? Waganda, kuanzia Machi 2007, na Warundi kuanzia Desemba mwaka huo, chini ya AMISOM, jeshi la Umoja wa Afrika. Majirani zetu! Mpaka Agosti 6, 2011, Al-Shabaab walipoondoka sehemu kubwa ya jiji. Mimi nilikuwa shule ya msingi, lakini wahariri wetu walikuwa watu wazima tayari.

Walijifunza kwa damu. Barabara ni kifo, maana mdunguaji anaiona yote kutoka dirisha moja. Basi wakaiacha, wakawa wanatoboa kuta: unaingia nyumba ya kwanza, unatoboa tena, unatokea ya pili. Nyumba uliyoikamata unaijaza magunia ya mchanga na kulala humohumo, kwa sababu ukirudi kambini jioni, kesho utaipigania upya. Adui naye amechimba mahandaki. Vifaru vilikuwepo, ila kifaru kichochoroni bila askari wa miguu pembeni ni kipofu.

Kilichonishtua zaidi lakini si risasi. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010 askari zaidi ya 200 walivimba miguu, na angalau 4 wakafa. Uchunguzi ukaonyesha ni beriberi, upungufu wa vitamini B1. Umezingirwa ndani ya jiji, unakula chakula cha kuletwa, kilekile, mwezi hadi mwezi. Sinema gani itaonyesha hilo?

Na siwapambi. Makombora yao yaliangukia soko la Bakara, raia wakafa, mashirika ya haki za binadamu yakapiga kelele. Al-Shabaab walikuwa wanarusha kutoka katikati ya watu, wakijua watajibiwa, na kila jibu lilizidisha chuki ya wananchi. Mwaka 2011 ndipo AMISOM ikajiwekea sera ya kubana matumizi ya makombora. Umechelewa, lakini ni uamuzi ambao majeshi yanayopiga miji leo hayajataka hata kuusikia.

Halafu hesabu ya waliokufa. Mei 2013 Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Jan Eliasson, alisema huenda wakafikia askari 3,000. Umoja wa Afrika ukakana. Yaani watu wanabishaniwa kama magunia ya mahindi! Wale wa 1993 tuna majina na picha zao. Kwa Warundi, jina linalotajwa ni la Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza, aliyeuawa Septemba 17, 2009 makao makuu ya kikosi yaliposhambuliwa kwa magari ya mabomu. Wengine 16 waliokufa naye siku hiyo je? Ni kwa sababu hawakuwa na vyeo?

Na kinachoniuma kama mwandishi wa habari: jeshi la Uganda linaongea Kiswahili kambini tangu enzi za mkoloni. Mkalimani hahitajiki! Lakini sisi tunatafsiri maneno ya maofisa wastaafu wa Washington.

Nimemwomba mhariri nauli ya basi mpaka Kampala. Kajibu bajeti hakuna, ila picha ya helikopta ipo tayari.

Kama una kaka au mjomba aliyekuwa Mogadishu miaka ile, niandikie. Nauli nitakopa.